Masikio ya Beagle wangu yalivyopona

Ukiishi Kirumba, Mwanza, na Beagle, karibu na soko la samaki, pua yake haipumziki. Mbwa hawa walizalishwa Uingereza wawinde sungura kwa makundi, wakifuata harufu ardhini, kwa hiyo wangu akinusa dagaa haitiki hata umwite kwa nyama. Hilo lilimalizwa na kamba ndefu.

Kazi ilikuwa masikio. Alitikisa kichwa usiku kucha, akajikuna, na ndani kukatoka uchafu wa kahawia unaonuka. Daktari wa mifugo alichukua sampuli, akakuta fangasi: sikio lililolala halipitishi hewa, na maji ya ziwa yakibaki humo fangasi hustawi. Alinipa matone na dawa ya kusafishia. Namimina dawa, nakanda shina la sikio, namwacha ajitikise, kisha nafuta kwa pamba mpaka kidole kinapofika tu. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani zaidi. Harufu imekwisha. Sasa nasafisha kila wiki, na akilowa namkausha palepale.

Kilichobaki ni uzito. Beagle hula chochote, na majirani hawaachi kumtupia ugali.