Nyoka mdogo aliyeniuma nikiwa nimemkaba shingo

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha jioni, na usiku huo nyoka wakaanza kutoka ardhini, kama kawaida yao huku Sikonge. Mlangoni pa jiko nikamkuta mmoja mweusi, anang'aa kama kapakwa mafuta, mfupi kuliko mkono wangu. Kichwa kimelingana na shingo, macho madogo kama punje za ulezi.

"Huyo wa ardhini tu, kaka, hana neno," jirani akasema.

Nikamkaba nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, nikiamini hawezi kunifikia. Hakufungua mdomo. Aliinamisha kichwa, jino likachomoza ubavuni, akanidunga kidole gumba kwa kurudisha kichwa nyuma.

Maumivu yalipanda mpaka kwapani. Mama alileta kamba afunge mkono, nikamzuia. Nilivua pete haraka, mdogo wangu akampiga nyoka picha, tukapanda bodaboda. Zahanati mhudumu mmoja alidhani ni kifutu mchanga, akaanza kuulizia dawa ya sumu. Mwenzake alitazama picha akakataa: kifutu ana kichwa kipana na shingo nyembamba. Nikapewa dawa za maumivu na kidonda kikasafishwa kila siku.

Nyoka aliuawa usiku uleule. Nilimhifadhi kwenye spiriti. Kidole kilipokuwa kinabadilika rangi, nilimkagua kwa lenzi. Mkia mfupi unaishia kwa mwiba. Kati ya pua na jicho hapana lile gamba la ziada walilonalo nyoka wengi. Kwa jina la kisayansi ni Atractaspis bibronii, aliyepewa jina na mtaalamu wa wanyama Andrew Smith mwaka 1849.

Kumbe wataalamu nao walimweka muda mrefu katika jamii ya vifutu, kwa sababu ya meno yale marefu. Baadaye wakamtoa: undugu wake uko kwa nyoka wengine wa Afrika, na meno hayo yalijitokeza kwake kivyake. Hilo lilinigusa sana, maana dawa ya sumu ya kifutu haimsaidii aliyeumwa na huyu. Kukosea ukoo kungeniingizia mwilini dawa isiyonifaa, yenye hatari zake.

Ncha ya kidole ilikufa kidogo, ikapona na kovu.

Mvua zilizofuata jirani aliniita usiku: "Kaka, yule wa kung'aa katoka tena." Nilikwenda na koleo refu na ndoo yenye mfuniko. Watoto walikuwa wamekwisha kupanda kitandani wote, na hakuna aliyemgusa.