Kulala na gari-nyumba Ulaya bila kumkera jirani

Sheria ya barabarani ya Italia ina kifungu, cha 185, ambacho kila anayekodi gari-nyumba barani Ulaya angefaa kukijua hata kama haendi Italia. Kinasema gari lililoegeshwa halihesabiwi kuwa limepiga kambi iwapo limegusa ardhi kwa magurudumu yake tu, halimwagi chochote isipokuwa kinachotoka kwenye injini, na halikai nafasi kubwa kuliko umbo lake. Viti, meza, turubai la kivuli na jeki za kona zote zinaangukia upande wa kambi. Ukiwa ndani umefunga mlango, umeegesha tu.

Tunakipenda kipimo hiki kwa sababu kinafaa hata pale ambapo sheria ni nyingine. Jirani hakerwi na wewe kulala. Anakerwa na kinachotoka nje ya kuta za gari lako, na hapo tunaongeza vitatu ambavyo Waitalia hawakuvitaja: sauti, mwanga na harufu.

Sheria zenyewe zinatofautiana. Ujerumani, dereva anaruhusiwa kulala usiku mmoja mahali ambapo kuegesha hakujakatazwa, ili apate nguvu za kuendesha salama. Ni usiku mmoja, si wikiendi nzima. Ufaransa, gari-nyumba linaegeshwa kama gari dogo, lakini kukaa mahali pamoja barabarani kuna kikomo cha siku 7, na meya anaweza kukipunguza. Croatia na Uholanzi kwa kawaida hairuhusiwi kulala garini nje ya sehemu zilizotengwa. Kibao cha mahali husika kinatangulia yote haya, kwa hiyo shuka ukisome kabla ya kuzima injini. Ukikuta kibao cha Stellplatz Ujerumani au aire de camping-car Ufaransa, yaani maegesho yaliyotengwa kwa magari-nyumba, hapo umekaribishwa rasmi, na bado adabu ni ileile.

Gari-nyumba la kawaida lina urefu wa mita 6 hadi 7.5 na upana wa kama mita 2.3 bila vioo, ilhali nafasi ya gari dogo ni takriban mita 2.5 kwa 5. Lazima kitu kitokeze. Ingia kinyumenyume ili mkia upite juu ya majani au ukingo wa bustani, usipite juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mkia huo unaweza kufika mita 2 nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, na ukiongeza kibebeo cha baiskeli, mama mwenye kigari cha mtoto au mtu wa kiti cha magurudumu atalazimika kushuka barabarani ili akupite. Usipopata pa kuuweka mkia, tafuta maegesho mengine. Kukaa nafasi mbili wakati maegesho yamejaa ni kumnyima mtu haki yake.

Kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu usiguse kabisa mistari ya malori. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na kwa kawaida apate mapumziko ya saa 11 kila siku. Muda wake ukiisha hana hiari ya kusonga mbele kutafuta pengine. Nafasi unayoikalia kwa sababu ni pana na tambarare huenda ndiyo iliyokuwa imebaki kwa ajili yake.

Kwetu kujisogeza karibu na mwenzako ni dalili ya undugu, na usiku ugenini mtu hujihisi salama zaidi akiwa ubavuni mwa gari jingine. Huku ni kinyume. Maegesho yakiwa matupu, acha nafasi kubwa. Yakijaa, pale ambapo nafasi hazijachorwa mistari, acha angalau mita 3 kati ya gari na gari, kwa sababu ya moto: kuna mitungi ya gesi ndani, na kuta ni za plastiki na povu. Elekeza pua upande uleule walioelekeza wengine. Magari mengi ya bara Ulaya yana mlango upande wa kulia, hivyo yakitazama upande mmoja kila mlango unaangalia ubavu wa jirani usio na mlango. Ukigeuza lako, milango inatazamana na watoto wenu watakunywa chai wakiangaliana usoni. Hapohapo salimia. Kutikisa kichwa na kutaja saa unayokusudia kuondoka kunatosha, hasa ukiwa mtu wa alfajiri. Baada ya giza usimgongee mtu mlango ila kwa dharura. Hodi ya usiku humtisha aliyelala ndani ya gari.

Ujerumani utulivu wa usiku ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kelele inayolalamikiwa sana kwenye magari-nyumba ya aina ya van si muziki, ni mlango wa kuteleza. Ni mzito, na watu huubamiza kwa kuwa usipousukuma kwa nguvu haushiki. Toa kila utakachohitaji kabla ya saa 4, kisha uache umefungwa; ukilazimika kutoka, tumia mlango wa mbele. Kabari za kusawazisha gari, zinazowekwa chini ya magurudumu, nazo ziwekwe mapema, maana kupanda juu yake kunahitaji injini kunguruma na mtu wa kuelekeza. King'ora cha gari mara nyingi kina kihisi cha mwendo ndani. Kisipozimwa kabla ya kufunga milango, wewe mwenyewe utakiamsha ukigeuka kitandani saa 8 usiku.

Wakati wa baridi, tatizo ni hita ya dizeli. Inatoa moshi na sauti nyingi zaidi inapowaka na inapozimika, kwa sababu wakati huo dizeli haiungui vizuri. Anayeiwasha na kuizima mara kwa mara anamuumiza jirani kuliko anayeiacha moto mdogo usiku kucha. Tafuta bomba lake la moshi chini ya gari, uhakikishe halielekei dirisha la mtu wala halijazibwa na theluji au majani marefu. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, kwa hiyo weka king'ora chake ndani na ukijaribu kila safari. Jenereta isiwashwe usiku hata kama unajiona uko peke yako. Sauti husafiri mbali juu ya maji na mabonde.

Kwenye maji hatuna msamaha. Maji ya sinki na bafu yanakwenda kwenye tangi la chini, mara nyingi la lita 100 hivi, na valvu yake huachwa wazi kwa bahati mbaya. Iguse kwa mkono kila unapoegesha. Katika miji mingi, tundu la pembeni mwa barabara linapeleka maji moja kwa moja mtoni, si kwenye mtambo wa kuyasafisha. Anayetawadha alfajiri atumie sinki la ndani: ni lita chache na tangi linazibeba, ilhali akimwaga mlangoni jirani hana namna ya kujua ni maji gani. Sufuria ya wali au mchuzi ifute kwanza kwa karatasi kabla ya kuiosha. Mafuta na punje za wali huoza kwenye tangi, na harufu yake hupanda siku ya pili.

Kaseti ya choo, yaani tangi dogo la uchafu linalochomolewa, hubeba kama lita 17 hadi 20, ambazo kwa watu wawili ni siku mbili au tatu. Dawa ya kaseti huua vijidudu, na mitambo midogo ya vijijini ya kusafisha majitaka inafanya kazi kwa vijidudu hivyohivyo, kwa hiyo usiimwage kwenye choo cha umma wala shimo lolote lisilowekewa alama. Kwenye kituo cha huduma fuata mpangilio huu: mwaga maji ya sinki, kisha kaseti, osha mikono kwa sabuni, ndipo ujaze maji ya kunywa. Bomba la kusuuzia kaseti na bomba la maji ya kunywa ni mawili tofauti, na mdomo wa kaseti usikaribie kabisa la kunywa. Anayekufuata atamjazia mtoto wake chupa hapo. Hata hivyo, acha maji yatiririke nusu dakika na ufute mdomo wa bomba kabla ya kuunganisha mpira wako. Ukimaliza, sogeza gari upishe mwingine.

Umeme wa maegesho mara nyingi ni ampea 6 hadi 16. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380 tu, na birika la umeme peke yake linakula kama 2,000. Breka ikianguka unaweza kuwazimia na wenzako friji, kwa hiyo chemsha maji kwa gesi. Waya wa kwenye roli ufungue wote hata kama soketi iko karibu, kwa sababu ukiwa umeviringwa hupata joto na kuyeyuka. Usichomoe waya wa mtu hata kama unaamini amesahau.

Samaki wa kukaanga na jiko la mkaa viachie kwenye kambi halisi. Moshi wa mkaa unaingia kwenye matundu ya paa ya magari yote ya jirani, na maegesho mengi yamekataza moto. Pika mapema, fungua tundu lako la paa, na taa ya nje izime mara tu mlango ukishafungwa. Takataka ziondoke nawe; mapipa madogo ya mjini yamewekwa kwa ajili ya wapita njia, si mfuko wa familia nzima. Mkate wa asubuhi nunua hapohapo kijijini.

Anayeondoka mapema apange usiku: kabari ndani, waya umekunjwa, vioo vimefutwa, makabati yamefungwa. Asubuhi kagua ardhi ulipokuwa umesimama, kaa kwenye kiti, funga mkanda, ndipo uwashe injini na uondoke papo hapo. Ujerumani kuacha injini ikiunguruma bila sababu ni kosa, na dizeli inapata joto haraka zaidi ikiendeshwa taratibu kuliko ikiwa imesimama.