Fundi friji ndani ya makumbusho ya Leiden

Nikiri mapema kabisa, mimi siyo mtu wa makumbusho. Ile ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert nimeingia mara moja tu, tulipelekwa na shule nikiwa darasa la sita, na nachokumbuka zaidi ni ugomvi wa soda kwenye basi. Kazi yangu mafriji na AC, kijiwe kipo Tandika, mwaka wa ishirini huu. Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, anasoma Leiden huko Uholanzi, akanipambania viza na tiketi nikamtembelee wiki mbili, na mimi kwa ushamba wangu nikakubali niende mwezi wa pili.

Jamani mwezi wa pili. Nje nyuzi 2, na upepo ukishapita juu ya ile mifereji yao unakuja kukata masikio, nimevaa makoti mawili na bado najiona kama nimekaa ndani ya friza ya bucha. Siku ya kwanza tukatembea kidogo, mji mzuri hauna ubishi, nyumba za matofali za miaka mia nne zimeegemeana pembeni ya maji, baiskeli kila kona, na kuta zimeandikwa mashairi makubwa ya lugha mbalimbali, yapo zaidi ya mia mji mzima. Tulipofika daraja la pili nikamwambia mwanangu mi nakufa. Akacheka akasema basi mjomba twende ndani, nina kadi ya makumbusho. Kwa hiyo msije mkadhani nilikuwa na kiu ya elimu, nilikuwa nafuata hita.

Tukaanza na makumbusho ya Lakenhal. Hili jengo ni la 1640, lilikuwa ofisi ya kukagua vitambaa vya sufu, maana Leiden utajiri wake ulikuwa vitambaa. Kitambaa kinaletwa, kinapimwa, kinakaguliwa, kikifaa kinagongwa muhuri wa risasi (risasi madini, siyo ya bunduki), kisipofaa muhuri hakuna. TBS yao kwa kifupi, shirika la viwango. Sasa pale kuna mfululizo wa picha za mchoraji mmoja anaitwa Isaac van Swanenburg, kachora kazi nzima ya sufu hatua kwa hatua, kuosha, kusokota, kufuma, mpaka wale wanaokanyaga kitambaa kwa miguu ndani ya mapipa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mpwa alivyotegemea. Picha nyingi za zamani ni wakubwa wamekaa na kola zao nyeupe, hapa kuna watu wako kazini, mikono imeshika kitu. Mwanawe huyu Swanenburg, anaitwa Jacob, ndo alikuja kumfundisha Rembrandt kuchora, maana Rembrandt ni mtoto wa Leiden, kazaliwa hapo 1606, baba yake alikuwa na kinu cha kusaga. Kuna picha yake moja ndogo, ya ujana wake kabisa, mchuuzi wa miwani anamuuzia mzee. Ukiiangalia yule jamaa ni machinga wa Kariakoo kasoro kelele tu.

Ile picha kubwa wanayojivunia ni ya Lucas van Leyden, Siku ya Hukumu, ya milango mitatu, watu uchi upande huu wanapanda mbinguni na upande ule mashetani wanavuta watu motoni. Imepona 1566 wakati Waprotestanti wanavunja sanamu na picha makanisani. Mpwa aliipenda sana. Mimi rangi nilizipenda, ila tumbo lilikuwa linauma njaa, na hapo hapo karibu wameweka sufuria ya shaba iliyochakaa, eti Wahispania walipokimbia alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 1574 baada ya kuuzingira mji na maelfu kufa kwa njaa na tauni, inasemekana kijana mmoja aliikuta kambini kwao ina chakula bado. Mpaka leo kila tarehe 3 Oktoba mji mzima unakula viazi na karoti vilivyopondwa pamoja. Sufuria tu hiyo. Nikamwambia mpwa kama ni hivyo la mama yako nalo tulihifadhi, limeokoa wengi.

Haya, kesho yake ndo penyewe. Tukaenda Rijksmuseum Boerhaave, makumbusho ya sayansi na tiba. Jengo zamani nyumba ya watawa, baadaye likawa la wagonjwa wa tauni na wenye matatizo ya akili, halafu hospitali ya chuo, na daktari Herman Boerhaave alikuwa anafundisha humo wanafunzi wake wakiwa wamezunguka kitanda cha mgonjwa, vitanda 12 tu, 6 vya wanaume 6 vya wanawake. Mpwa anasoma mambo ya afya ya jamii kwa hiyo hapo alikuwa kwao. Kuna darubini ya Leeuwenhoek, yule aliyeona vijidudu kwenye maji wa kwanza, ukisikia darubini unafikiria limashine, kumbe kipande cha chuma kama kidole gumba kina tundu na kikioo kama punje. Mimi ningeiona barabarani ningeipita nikijua ni bawaba ya sanduku.

Kabla sijafika kwangu, niseme hiki. Kuna mashine ya figo ya Willem Kolff, daktari aliyesomea hapo hapo Leiden, akaitengeneza mji wa Kampen 1943, Wajerumani wameshaikalia nchi na vifaa hakuna. Ni pipa la vipande vya mbao, limezungushiwa bomba jembamba la selofeni, ile ngozi ya plastiki ya kufungia soseji, damu inapita ndani ya bomba na pipa linazunguka kwenye maji ya chumvi, uchafu unatoka. Mbao na ngozi ya soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, mpaka 1945 ndo mama mmoja akapona. Nina jirani yangu Tandika anaenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila akirudi anapita kijiweni kupumzika kwenye benchi langu, tunaongea mpira. Nikapiga picha lile pipa nimpelekee. Mpwa akaniuliza mjomba mbona kimya, nikamwambia mafua.

Basi bwana, tukaingia chumba kingine, nikaona mabomba. Mabomba ya shaba, vali, geji za presha, mitungi ya kioo imesimama kwenye fremu ya chuma. Nikamwambia mpwa subiri, hii kitu naijua. Akasoma maelezo, akasema mjomba hii ndo ilitengeneza baridi kuliko sehemu zote duniani. Tarehe 10 Julai 1908 profesa Heike Kamerlingh Onnes aligeuza gesi ya heliamu kuwa maji (maji kwa maana ya kimiminika, siyo ya kunywa), nyuzi -269.

Wewe ambaye siyo fundi ngoja nikueleze kwa nini miguu iliishiwa nguvu. Friji lako nyumbani linafanya hivi: kompresa inabana gesi, gesi inapata moto, inapita kondensa kule nyuma inapoa inakuwa maji, halafu inapita kwenye kikapilari, kibomba chembamba, presha inashuka ghafla, inachemka na kunyonya joto la vyakula vyako. Mzunguko mmoja huo, unafika -18 friza ikiwa nzima na mlango umefungwa vizuri (funga mlango wa friji, nasema kila siku). Onnes yeye aliunganisha mizunguko kama ngazi. Wa kwanza wa methili kloridi, ambayo baadaye ilikuja kutumika hata kwenye mafriji ya majumbani ya zamani, huo unapoza ethilini, ethilini inapoza oksijeni, unafika kwenye hewa yenyewe hii tunayovuta imekuwa maji, hewa ya maji inapoza haidrojeni mpaka -253, na haidrojeni ya maji ndo inapoza heliamu. Heliamu ina kiburi, usipoipoza sana kwanza hata ukiipitisha kwenye vali nyembamba haipoi kitu, inapata joto. Kila ngazi ikivuja, siku imeisha. Mimi nikiwa na mzunguko mmoja na gesi inavuja naweza kushinda kutwa natafuta tundu na povu la sabuni.

Siku yenyewe walianza kabla ya saa 12 asubuhi. Wanaeleza mke wake alikuja na mkate mchana akamkuta mikono haiwezi kuachia vali, ikabidi amlishe vipande. Jioni saa moja na nusu kipimajoto kimeganda hakishuki tena, wanadhani wameshindwa, akatokea profesa mwingine amepita kuangalia, akasema jaribu kumulika kwa chini. Wakamulika. Kumbe maji yapo muda wote humo kwenye chupa, hayaonekani tu, kama vijiko vinne vya chakula hivi, sentimita za ujazo 60. Yaani mtu mia wanafukuza kitu nusu ya maisha halafu kinapatikana na hakuna anayekiona mpaka aje mpita njia na taa! Kwetu gereji mpita njia wa hivyo tunamfukuza.

Na ile mitungi ya kioo, mwajua ni nini? Chupa ya chai. Kuta mbili na katikati hakuna hewa, aliibuni James Dewar, Mskoti aliyekuwa anashindana na Onnes kwenye mbio hizo hizo, yeye haidrojeni aliiwahi 1898 ila heliamu ikamshinda. Watu wanasema Onnes alishinda kwa akili nyingi, sawa, lakini mimi naona alishinda kwa mafundi. Dewar alikuwa anagombana na watu. Onnes 1901 alianzisha shule ya kufundisha vijana kutengeneza vyombo, walikuwa wanavaa sare za bluu wakaitwa vijana wa bluu, na shule ipo mpaka leo. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Gerrit Jan Flim, mpuliza vioo Oskar Kesselring. Hizo kazi unazoziona pale, kila kiungo, kila chupa, ni mikono yao. Hata 1911 walipogundua kwamba zebaki ikipoozwa kwenye heliamu ukinzani wa umeme unapotea wote puu, aliyekuwa amekaa kwenye vipimo alikuwa kijana Gilles Holst, na ripoti ikatoka na jina la bosi peke yake. Nobel ya 1913 pia ya bosi. Sisemi hakustahili. Nasema nilitafuta jina la Flim kwa macho yangu muda mrefu kuliko la Onnes, na kwenye kazi yangu najua kwa nini.

Nikasogea nione kiungo kimoja kilivyochomelewa, fedha au shaba, kengele ikalia. Mlinzi akaja, mama mtu mzima hivi, mpole, mpwa akamweleza kwa Kiholanzi kwamba huyu mjomba wangu ni fundi wa mafriji. Yule mama akaniangalia, akatoa tochi yake mfukoni akanimulikia kile kiungo kwa mbali, tukaangalia wote. Fedha ile, kwa jicho langu.

Wakati tunarudi mpwa akanipitisha mtaa wa Steenschuur ilipokuwa maabara yenyewe, sasa wanasoma sheria humo. Hapo 1807 meli ya baruti ililipuka ikaua watu kama 150 na kubomoa mtaa mzima, maabara ikajengwa juu ya hilo gofu. Ndo maana halmashauri iliposikia profesa ana mitungi ya gesi yenye presha mle ndani ikaja juu, kazi ikasimama miaka kadhaa mpaka 1898. Majirani wangu wakisoma hii watapata hoja.

Makumbusho ya mambo ya kale tulipita dakika kumi tu, ukumbini kuna hekalu zima la mawe kutoka Taffeh, Misri iliwapa Waholanzi 1969 kwa kusaidia kuokoa mahekalu lilipojengwa bwawa la Aswan, na kuliona hakuhitaji tiketi. Kupewa, siyo kubeba, nilimuuliza mpwa mara mbili.

Usiku nikamrushia dogo wangu wa kijiweni picha za ule mtambo na voisi noti ya dakika nne, nikamweleza yote, ngazi za gesi, mchanga wa monazaiti ulioagizwa Marekani ukachomwa kutoa heliamu kidogo kidogo maana wakati huo haikupatikana kirahisi, na kwamba leo mashine za MRI, zile za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili, zinapoozwa na hiyo hiyo. Nikajua nimemmaliza. Dogo kwao Sumbawanga. Asubuhi nakuta jibu sekunde tisa tu: "Bosi, heliamu si ndo ile wazungu wa Oxford na Durham walitangaza 2016 iko kwetu Rukwa? Sasa we umeifuata nini huko kwenye baridi? Halafu yule mama wa friza ya samaki amekuja mara mbili."

Nikamwambia aangalie kwanza thamostati.