Siku mbili nikilaumu waya

Naandika nikiwa bado na hasira na fundi aliyeniambia dawa ya kompyuta iliyokosa intaneti ni kupiga Windows upya. Elfu ishirini, akasema, uje kesho jioni. Kesho jioni! Msimu wa wanafunzi kuomba mkopo wa chuo, foleni imefika barazani.

Steshenari yangu iko Morogoro. Modemu moja imechomekwa kwenye laptopu, na laptopu inaigawia intaneti kompyuta ya mezani kwa waya, maana ile ya mezani haina waifai. Mwaka mzima hatukugombana. Jumatatu ile laptopu ikawa inafungua kila kitu, ya mezani haifungui hata barua pepe.

Jirani muuza simu akaapa kwamba ni waya. Eti kompyuta mbili zikiunganishwa bila kifaa katikati lazima uwe waya wa krosi, ule ambao nyuzi za ncha moja zimepishanishwa na za ncha ya pili. Nikamwamini kwa sababu alisema kwa sauti kubwa. Nikanunua mita tano, elfu nane au kumi hivi, nikaazima koleo la kubania, nikakaa chini saa mbili usiku. Nyuzi nane nyembamba kama tambi, mwanga wa tochi ya simu, macho yangu haya ya miaka arobaini na kitu. Ncha ya kwanza niliharibu. Ya pili nikabana vizuri kabisa, kisha nikagundua kijani imekaa mahali pa machungwa. Kufika saa tano taa za tundu la mtandao zikawaka, nikarukaruka peke yangu dukani kama nimefunga goli kwa Mkapa.

Intaneti? Hakuna. Asubuhi nikarudisha waya wa zamani, taa zikawaka vilevile. Kumbe kadi za mtandao za siku hizi hupishanisha zenyewe.

Hapo ndipo akili ikarudi: igawe njia vipande. Kwenye ya mezani nikafungua lile dirisha jeusi la amri nikaandika ping (amri ya kubisha hodi kwa mashine nyingine uone kama inajibu) 192.168.137.1, anwani ambayo Windows huipa laptopu inayogawa intaneti. Majibu manne, chapchap. Waya mzima! (Ukiona anwani ya mashine inayopokea inaanza na 169.254, hiyo imejipachika yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Hapo ndipo ushuku waya au mgawo wenyewe.) Nikajaribu ping 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Kimya. Basi, modemu inafika kwenye laptopu, laptopu inafika kwenye ya mezani, kilichokwama kimo ndani ya laptopu.

Kwenye laptopu nikaandika ncpa.cpl, orodha ya miunganisho ikafunguka, nikaanza kukagua kichupo cha Sharing kwa kila mmoja, penye kisanduku cha kutia tiki ili muunganisho huo ugawiwe mashine nyingine. Wa modemu, hakuna tiki. Wa waifai, tiki hiyo hapo.

Nani aliiweka? Mimi. Jumamosi bando la modemu liliisha, nikawasha hotspoti ya simu, laptopu ikaipokea kwa waifai, nami nikahamishia tiki huko kwa mbwembwe zote huku nikimwonyesha kijana wangu wa dukani jinsi mzee anavyojua mambo. Jumatatu nikarudisha modemu. Tiki ikabaki inagawa waifai iliyozimwa.

Nikaitoa, nikaiweka kwenye modemu, na kwenye kile kiorodha cha chini nikachagua muunganisho wa waya. Dakika moja haikufika. Na siku nyingine ukizima laptopu na kuiwasha, unaweza kukuta tiki ipo lakini intaneti haipiti. Itoe, bonyeza OK, irudishe. Nimeshafanya hivyo mara mbili tangu siku ile, bila kumwita mtu.

Koleo nimerudisha. Waya wa krosi umefunga mlango wa banda la kuku, na umekaza kweli.