Siku moja maishani mwangu: mimi ni mtu wa monita

Nikisema nafanya kazi ya saundi watu wanasema aah, DJ. Hapana. Wala mimi si yule jamaa anasimama katikati ya umati na mikisa kubwa, ile meza ya kuchanganya sauti. Mimi niko pembeni ya steji, gizani, na ninachotengeneza ni kile wanamuziki wenyewe wanasikia. Zile spika zimelala sakafuni zikimwangalia mwimbaji, hizo ndizo monita, hizo ndizo zangu. Kazi ikienda sawa hakuna anayejua nipo, ikiharibika mwimbaji ananinyooshea kidole watu wote wakiona.

Saa 11 alfajiri niko godauni Industrial Area tunapakia lori la kanta, chai na mandazi mbili, saa 2 tuko Lang'ata Road, saa 6 mchana steji imesimama na jenereta inanguruma. Nimesema haraka lakini mgongo unajua.

Sasa hii bendi iliyorudiana kwa shoo ya siku hiyo. Sitaitaja, bosi hapendi tuongee mambo ya wateja, lakini kama ulilelewa kwa nyumba ya zilizopendwa unaijua. Baba alikuwa na kaseti yao imekatika ikaunganishwa na selotepu, kwa hivyo kuna wimbo mmoja mpaka leo nikiusikia mahali pengine nashangaa kwa nini hauruki. Walivunjika nikiwa darasa la sita. Mpiga gita la solo na mwimbaji wakaacha kusalimiana, ati pesa, ati mwanamke, kila mtu ana yake. Bendi kupasuka tumezoea, Simba Wanyika ilipasuka 1978 tukapata Les Wanyika, kwa hivyo hatukutoka mikono mitupu. Lakini George Kinyonga wa Simba Wanyika alituacha 1992, ndugu yake Wilson 1995, na hao hakuna promota wa kuwarudisha. Hawa wangu wako hai, isipokuwa mpiga besi, mahali pake alisimama mtoto wake.

Kupima saundi ilikuwa saa 7. Mpiga solo akafika saa 8 na nusu, mwimbaji saa 10 kasoro, kila mtu na gari lake, na hawakusalimiana, niliangalia makusudi.

"Kijana, ongeza gita," mpiga solo akaniambia.

Nikaongeza.

"Bado."

Nikaongeza. Shida ni kwamba maiki iko pale pale karibu na spika, ukizidisha maiki inasikia spika, spika inarudisha, inazunguka hivyo mpaka ule mlio wa kutoboa masikio, na ukitokea ni mimi naangaliwa. Kwa hivyo unautafuta kwa vile vitufe 31 vya ikwalaiza, kile kifaa cha kurekebisha sauti nene na nyembamba, unaupata, unaukata, na ukiukata mzee anasema gita imekuwa nyembamba. Tukaenda hivyo karibu saa nzima, jua kichwani, mtoto wa promota amening'iniza kadi shingoni anakuja kuniuliza kama naweza kumchajia simu. Chapati madondo yangu imepoa juu ya sanduku la kebo. Halafu mzee akasema, "Sasa toa huyo."

"Nani, mzee?"

"Anayeimba."

Nikapunguza nusu.

"Toa yote."

"Mzee, utajuaje amefika wapi?"

"Nimecheza na yeye miaka 15. Najua."

Mwimbaji naye, kwa upole kabisa na maji yake ya moto mkononi, akaomba spika yake isiwe na gita hata kidogo. Tuseme tu ukweli, watu walilipa kuona wazee wamerudiana, na mimi peke yangu nilikuwa nimeona kwa mikisa kwamba kila mmoja amemfungia mwenzake mlango.

Shoo ilikuwa saa 2 usiku, ikaanza saa 4 kasorobo. Nyimbo mbili za kwanza watu wanalia, wamama wamevua viatu wanacheza kwa nyasi, mimi naangalia mikono ya wanamuziki tu maana ndiyo lugha yetu. Baada ya hapo saa sikuangalia tena.

Ukaja ule wimbo wa kaseti. Mwimbaji sauti ya juu haifiki tena, akaimba chini, polepole, karibu kama anaongea, na mpiga solo akageuka kuniangalia. Nikajua kumeharibika. Akamwonyesha mwimbaji kwa kidevu, halafu kidole juu. Sikuelewa. Akarudia, sasa kwa hasira, kidevu, kidole juu. Nikasukuma sauti ya mwimbaji kwa spika ya mpiga solo taratibu sana, mkono unanitetemeka, mpaka akainamisha kichwa kama mtu anasikiliza mlangoni. Na gita lake likashuka chini ya ile sauti, likakaa hapo.

Nikamngoja mwimbaji naye aombe gita. Hakuomba, wimbo ule wala uliofuata, mpaka mwisho.

Saa 8 usiku watu wameisha, sisi ndio tunaanza upya, kebo zinakunjwa moja moja na umande umezilowesha, nimechoka mpaka nasinzia nimeshika spika. Mpiga solo akapita na begi lake la gita, akasimama.

"Ni wewe ulikuwa monita?"

"Ni mimi, mzee."

Akafikiria kidogo.

"Gita ilikuwa chini."