Nilivyoiwekea manukuu ya Kiswahili filamu ya Go Fish

Manukuu ni maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha. Go Fish ni filamu ya 1994, ya dakika 83, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Chicago na Rose Troche kwa mkanda wa milimita 16 na fedha kidogo. Aliiandika pamoja na Guinevere Turner, ambaye pia anaigiza Max, binti anayetafuta mpenzi. Marafiki zake wanamsukumia kwa Ely, mwanamke mpole ambaye tayari ana mpenzi wa mbali, Kate wa Seattle. Karibu filamu nzima ni wanawake wanaopenda wanawake wakikaa na kuchambua mapenzi ya mwenzao, kwa hiyo maneno yakipotea, filamu imepotea.

Niliandika manukuu haya hapa Dodoma kwa programu ya bure ya Subtitle Edit, dakika 10 za filamu kwa siku. Mistari isizidi 2, kila mstari herufi 42, na msomaji apewe sekunde 1 kwa kila herufi 15. Hapo Kiswahili kinasaidia: "Aliniambia anampenda" ni herufi 20 tu pamoja na nafasi.

Ila sentensi hiyo hiyo ndiyo mtego. Kiingereza hutenganisha yeye wa kike na yeye wa kiume. Sisi tuna a- na m-, basi. Nilipompa msomaji wa kwanza, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, dakika 20 za mwanzo bila picha, alidhani Ely ana mchumba wa kiume huko Seattle. Jina Kate halikumwambia kitu. Nikajaribu "dada wa Seattle", akaelewa ni ndugu. "Rafiki wa kike" nayo haifai, maana kila mmoja humo ni rafiki wa kike wa mwenzake. Iliyosimama ni "mpenzi wake Kate" mara ya kwanza, kisha "yule mwanamke wa Seattle" kila anaporudi. Kinyume chake ni pale Daria, mmoja wa marafiki hao, anapolala na mwanamume na wenzake wanamjia juu. Pale "alilala na mtu" inaua tukio zima. Lazima neno "mwanamume" lionekane, hata kama itabidi ukate maneno mengine matatu.

Vitenzi navyo vina jinsia yao. Mume anaoa, mke anaolewa. Kwa wanawake wawili nilitumia "kuoana", na "kufunga ndoa" pale nafasi iliporuhusu. "Kutongoza" niliikwepa kwa sababu wasomaji wangu walimwona mwanamume papo hapo. "Anamfukuzia" na "wanatoka pamoja" zilipita vizuri.

Kuhusu namna ya kuitana, "shoga yangu" ya wanawake wa pwani ingekuwa tamu kweli, lakini huku bara neno limeshahamia kwa wanaume na lina ukali. Nikachukua "shosti": fupi, la kike, na linasikika kila saluni ya mjini. "Msagaji" niliiacha kwa pale tu neno linaporushwa kama tusi. Wahusika wanapojitaja wenyewe kwa fahari, hawastahili kuvishwa tusi na mtafsiri.

Kwa upande wa mitambo, kosa linalosumbua kuliko yote ni mwendo wa fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwa sekunde. Manukuu yaliyopangwa kwa nakala ya fremu 23.976 kwa sekunde, ukiyacheza juu ya nakala ya fremu 25, mwanzo yanakwenda sawa. Dakika ya 10 yamechelewa kama sekunde 25, na mwishoni zaidi ya dakika 3. Kusogeza faili lote mbele hakuponyi. Badilisha mwendo wa fremu ndani ya programu. Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, na utumie ritifaa (') iliyonyooka, la sivyo "ng'ombe" itatoka na takataka katikati. Na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, maandishi meupe humezwa na ukuta mweupe au shati; weka njano yenye ukingo mweusi.

Sikuipeleka ukumbini. Kuonesha filamu hadharani Tanzania kunataka kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na faili la manukuu si kibali.

Tukio lililonichukua siku nzima ni lile ambalo marafiki wanabishana ni neno gani zuri la kuuita uke. Kiswahili kina neno la hospitali, kina matusi, na kina "sehemu za siri" ambayo haibishaniwi na mtu. Nilianza na "uke", nikaweka "ikulu", ila msomaji wa Dodoma akaiwazia Ikulu ya Rais ya Chamwino. Mwisho nikatumia "kitumbua": herufi 8, tafsida ambayo wanawake huitumia wakiwa peke yao, na ina utamu wa chakula ndani yake. Kwa kuwa wanadakiana maneno, niliweka wasemaji wawili katika nukuu moja, kila mmoja na kistari chake mwanzoni mwa mstari.