Siku moja maishani mwangu: fundi wa boti na ubao uliolowa

Saa moja asubuhi nilifungua banda letu lililo kando ya Ziwa Victoria, hapa Entebbe, nikanywa chai ya maziwa na chapati pamoja na kijana anayejifunza kazi kwangu. Watu wengi hudhani kwamba boti ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini, haina mbao na kwa hiyo haiozi, ilhali sehemu kubwa ya kazi yangu ni mbao ambazo mwenye boti hajawahi kuziona. Boti nyingi za zamani zina plaiwudi iliyofungiwa katikati ya matabaka ya faiba: ndani ya ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini, ndani ya mihimili inayopita chini ya sakafu, na mara nyingine ndani ya sitaha. Faiba haiozi, lakini tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri hutosha kuingiza maji, na maji yakishaingia hayana pa kutokea.

Saa mbili tulianza kuikagua boti ya mita saba iliyoletwa jana yake kwa sababu injini ilikuwa ikicheza. Niliishika injini kwa chini nikaiinua na kuishusha, nikaona ubao wa tezi unanesa pamoja nayo. Niligonga ubao wote kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mahali pazima hutoa mlio mkali na mkavu, na palipolowa hutoa sauti nzito kama ya kugonga gunia la unga. Kisha nikatoboa kwa keke ya milimita 5 kutoka upande wa ndani, bila kufika kwenye ganda la nje. Mbao kavu hutoa unga mwepesi. Hapa ilitoka tope nyeusi yenye harufu ya uchachu, na nilipoiminya vidoleni maji yalitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Tundu la chini kabisa lilianza kudondosha maji ya rangi ya chai, tukategesha kopo chini yake. Chanzo kilikuwa skrubu nne za kipima kina, zilizofungwa zamani bila tone la silikoni.

Saa nne mwenye boti akafika. Yeye ametoka Kisumu, kwa hiyo huzungumza nami Kiswahili.

“Fundi, mimi nimeleta boti ya faiba, si mtumbwi. Paka mati mbili za faiba juu yake, Jumamosi nina abiria wa visiwa vya Ssese.”

“Mzee, nikifunika nitakuwa nimeyafungia maji humohumo. Resini haishiki ubao uliolowa. Itaonekana imekauka, kisha itabanduka.”

Alinyamaza, akazunguka boti, akarudi na hoja kwamba ziwa letu halina chumvi, hivyo haliwezi kudhuru mbao. Nilimweleza kwamba ni kinyume, kwa sababu chumvi humzuia kidogo kuvu anayeozesha mbao, na maji yasiyo na chumvi, hasa ya mvua yanayotuama, humlea. Akapendekeza tuwashe jiko la makaa chini ya boti usiku kucha. Nilikataa, kwa maana mvuke wa resini hushika moto, na hata kama ubao ungekauka, mbao iliyooza hairudishiwi nguvu kwa kukaushwa. Hoja hizi tulizirudia kwa karibu saa nzima, na nakiri kwamba nilichoka, kwa sababu abiria wale ni watu, na injini hiyo yote inaning’inia kwenye ubao huo. Mwishowe nilimpa mashine ya kutobolea, akatoboa mwenyewe mahali alipochagua, akatazama kilichotoka. Akauliza itachukua muda gani.

Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Tulivaa barakoa na kukata ganda la ndani kwa grinda, tukiliacha la nje ili umbo lisipotee, na vumbi la faiba likatuwasha shingoni mchana kutwa. Plaiwudi ilitoka tabaka kwa tabaka, laini kama kurasa za daftari lililoanguka majini, nasi tukaendelea kuchimba kwa patasi mpaka tukafika kwenye mbao ngumu, kisha upana wa kiganja zaidi. Mihimili miwili ya sakafu ilikuwa imelowa lakini haijaoza. Hiyo tutaiacha wazi chini ya paa huku feni zikiipulizia, hata kwa wiki kadhaa, hadi kipimo cha unyevu kishuke chini ya asilimia 15, kwa kuwa kuvu hustawi unyevu unapozidi takribani asilimia 20. Ubao mpya utakuwa plaiwudi ya baharini, kingo zake zitanyweshwa epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, na kila tundu la bolti litatobolewa pana, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili bolti isiguse mbao kamwe.

Jioni, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa mtetemo wa grinda, tulisikia mvua ikija kutoka ziwani. Tulifunga turubai upande ulio wazi wa banda, nikainama kulitazama lile kopo, ambalo sasa lilikuwa chini ya mhimili wa kushoto. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na mhimili ulikuwa bado unadondosha. Nikalimwaga nje, nikalirudisha palepale.